Presha ya tenki la oksijeni ya kimiminika inapanda ovyo au inagoma kukaa: mwongozo kamili kwa mafundi wa hospitali

Swali ni lile lile, maneno tu ndo yanabadilika. Fundi anauliza, "presha imefika baa 15, nimefungua venti (valvu ya kutolea gesi hewani) ikashuka mpaka 9, nikafunga, kufika jioni iko 14 tena, nifanyeje?" Mwingine kilio chake ni usiku, wodi zikizidiwa presha inaporomoka na alamu inalia, anakimbia kukaza regyuleta (valvu inayojiendesha kushika presha), asubuhi wagonjwa wakipungua sefti valvu, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi, inapiga mluzi mtaa mzima unasikia. Hawa wawili wana tatizo moja, wanapigana na geji badala ya kutafuta joto linaingilia wapi.

Hapa naongelea yale matenki ya kusimama nje ya hospitali, yenye kuta mbili na vakyumu (nafasi isiyo na hewa) katikati, yanayolisha wodi kupitia veperaiza, mabomba yenye mapezi yanayogeuza kimiminika kuwa gesi. Kama lako ni la naitrojeni au agoni mambo mengi ni hayo hayo, namba ndo zinatofautiana. Mtambo wa kutengeneza oksijeni kutoka hewani haumo humu kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa valvu

- Mchoro wa mabomba wa tenki lenu hilo hilo. Sio wa tenki linalofanana nalo. Valvu zina namba na kila kiwanda kina mpangilio wake.
- Namba za kwenye kibao cha tenki. Presha ya juu inayoruhusiwa, ujazo, na presha ambayo sefti valvu inafungukia. Ziandike ukutani kwa rangi.
- Daftari, kalamu na saa. Sitanii, hiki ndo kifaa kinachokosekana kuliko vyote.
- Glavu za baridi kali zinazovulika haraka, ngao ya uso, shati la mikono mirefu, na suruali inayofunika buti kwa nje. Ukichomekea suruali ndani ya buti, kimiminika kikidondoka kinaingia humo na kukaa na mguu wako.
- Spana safi zisizo na hata chembe ya mafuta au grisi, pamoja na dawa ya kupima uvujaji iliyoruhusiwa kwa oksijeni. Sabuni ya vyombo tupa kule.
- Mpira wa maji unaofika kwenye veperaiza.
- Mitungi ya akiba iliyojaa, imeunganishwa na imejaribiwa.
- Namba ya simu ya kampuni inayowajazia, na ruhusa yao. Matenki mengi ni ya kukodi, kwahiyo seti za regyuleta (presha zilizopangiwa kufungukia na kufungia) ni mali ya mwenye tenki, usiguse kabla hamjaongea.

## Kabla ya hatua: geji yako inasoma nini hasa

Oksijeni inachemka kwa nyuzi -183 ikiwa na presha ya kawaida ya hewa tu, yaani geji iko sifuri. Ikipata joto kidogo na haina pa kutokea, presha inapanda sambamba na joto lake: kimiminika cha nyuzi -173 kinakaa na geji ya kama baa 1.5, cha -163 kama baa 4.4, cha -153 kama baa 9.2. Yaani nyuzi 10 tu zinatosha kuzidisha presha mara mbili au zaidi.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe. Presha ya baa 9 inaweza kupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza, kimiminika chote kimepata joto mpaka -153. Ya pili, kimiminika bado ni baridi sana, ila juu yake kuna gesi yenye joto kuliko chenyewe, iliyosukumwa na koili ya kupandishia presha (bomba la chini ya tenki, nimelieleza hatua ya 4), pamoja na tabaka jembamba la kimiminika chenye joto pale juu. Geji haiwezi kukutofautishia, inasoma 9 kote kote. Lakini dawa zake ni tofauti kabisa, na wanaoshindwa wengi wanashindwa kwa kuchanganya hizi mbili.

## Hatua ya 1: Soma tenki siku tatu bila kugusa kitu

Andika presha, geji ya ujazo, na hali ya koili ya kupandishia presha (ina barafu au kavu), asubuhi, mchana, jioni na katikati ya usiku. Andika pia idadi ya wagonjwa walio kwenye oksijeni, hata kwa kukadiria.

*Sababu:* presha ya saa moja haina maana. Unachotafuta ni mwendo wake, inapanda lini na inashuka lini. Presha inayopanda usiku wodi zikiwa kimya ni ugonjwa mmoja, na inayopanda mchana wodi zikiwa zimejaa ni mwingine.

*Tahadhari:* geji ya ujazo inafanya kazi kwa kulinganisha presha ya chini na ya juu ya tenki, ina valvu yake ndogo ya kusawazisha katikati. Ukichezea vivalvu hivyo bila mpangilio unaua geji, halafu unakaa unasoma uongo.

*Umefaulu ukiona:* unaweza kumwambia mtu bila kuangalia daftari kwamba "presha yetu inatembea kati ya hapa na hapa, na inafika juu saa fulani".

## Hatua ya 2: Hakikisha akiba ni akiba kweli

Kabla ya jaribio lolote nenda kwenye manifoldi ya mitungi (bomba linaloiunganisha), angalia presha ya kila upande, halafu pamoja na muuguzi mkuu wa zamu kubalianeni muda. Waambie ICU na chumba cha upasuaji. Usifanye haya kimya kimya.

Tarehe 21 Aprili 2021 kule Nashik, India, tenki la oksijeni la hospitali lilivuja, presha ya kwenda wodini ikaanguka, na zaidi ya wagonjwa 20 wakafa. Kwahiyo mtu akikwambia "hii ni dakika mbili tu, haina haja ya kuwaambia" mwangalie tu, alafu uende ukawaambie.

*Umefaulu ukiona:* umefunga mlisho wa tenki kwa dakika chache mkiwa mmekubaliana, akiba imeshika yenyewe, na wodini hakuna aliyegundua.

## Hatua ya 3: Piga hesabu, je matumizi yenu yanalitosha tenki?

Hii watu wanairuka, na mara nyingi jibu liko hapa hapa.

Hakuna tenki lisiloingiza joto. Hata zima kabisa linachemsha kidogo kila siku. Chukua tenki la lita 5,000 linalopoteza asilimia 0.4 kwa siku, hapo ni lita 20 za kimiminika. Lita moja ya kimiminika inatoa karibu lita 860 za gesi, kwahiyo ni kama lita 17,200 za gesi kwa siku. Gawanya kwa dakika 1,440 unapata lita 12 kwa dakika.

Maana yake, kama hospitali yenu kuna usiku inatumia chini ya lita 12 kwa dakika, tuseme wagonjwa wawili wa lita 5 basi, presha ITAPANDA hata kama kila valvu ni mpya kutoka boksini. Hamna regyuleta ya kukaza wala kulegeza. Tenki ni kubwa kuliko mahitaji, na gesi ya ziada lazima itokee mahali.

Weka ujazo wenu na kiwango cha upotevu mlichopewa na kampuni, fanya hesabu hiyo hiyo. Ukikuta matumizi yenu yako juu sana ya hapo na presha bado inapanda, basi kuna kitu kinapeleka joto kisichotakiwa, endelea na hatua ya 4.

Kuna waliozoea kumwagia tenki maji mchana wa jua kali ili presha ishuke. Jamani. Kati ya ngozi ya nje na kimiminika kuna vakyumu na perlaiti, unga wa kuzuia joto. Ukishusha ngozi ya nje kutoka nyuzi 45 mpaka 25, tofauti ya joto kati ya nje na ndani inapungua kwa chini ya asilimia 10, na ukimaliza kumwagia inarudi. Hayo maji kaoshee veperaiza, huko yana kazi.

## Hatua ya 4: Jaribu koili ya kupandishia presha

Koili hii iko chini ya tenki. Kimiminika kinashuka kutoka kitako cha tenki, kinapita kwenye koili, kinapata joto la hewa na kuwa gesi, gesi inarudi juu ya tenki kupitia regyuleta. Presha ikiwa chini ya seti regyuleta inafunguka, ikifika kwenye seti inafunga. Ndivo inavotakiwa.

Tatizo la kila siku: kiti cha regyuleta kimechoka au kimeingia uchafu, haifungi vizuri, inapitisha kidogo kidogo usiku kucha. Dalili ni rahisi mno. Presha iko juu ya seti lakini koili bado ina barafu mbichi. Koili ikiwa imepumzika barafu inayeyuka na inakauka. Ukiiona nyeupe wakati geji iko juu, kimiminika kinapita.

Fanya hivi:

1. Hakikisha presha iko juu ya seti na wodi zinatumia kawaida.
2. Funga valvu ya kimiminika kinachoingia kwenye koili. Funga hiyo tu. Upande wa gesi inayorudi tenkini uache wazi.
3. Andika presha kila nusu saa kwa masaa manne mpaka sita, mtu asiondoke.
4. Ikikaribia presha ya chini mliyokubaliana, fungua tena taratibu.

*Kwanini upande mmoja tu:* ukifunga pande zote mbili kuna kimiminika kinabaki kimefungiwa katikati ya valvu mbili. Kitapata joto, kitataka kuwa gesi na hakina nafasi, presha yake inaweza kufika mamia ya baa na bomba likapasuka. Kila kipande cha bomba kinachoweza kufungiwa kimiminika lazima kiwe na kisefti valvu chake. Zunguka na mchoro mkononi uhesabu, kisipokuwepo hiyo ni simu kwa kampuni leo leo.

*Kusoma majibu:*

Presha ikiacha kupanda au ikaanza kushuka polepole, mkosaji ni regyuleta ya koili. Inahitaji kusafishwa au kubadilishwa na mtu mwenye vifaa vya oksijeni, sio gundi ya dukani na tepu ya bomba la maji.

Ikiendelea kupanda kwa mwendo ule ule kana kwamba hujafunga kitu, joto linaingia kwa njia nyingine. Rudia hesabu ya hatua ya 3, ikikaa sawa kagua ekonomaiza kwenye hatua ya 5, nayo ikiwa nzima ruka uende hatua ya 10.

Ikiporomoka haraka, koili yako ilikuwa inafanya kazi yake halali kabisa, na tatizo lako ni presha ya chini. Fungua valvu, nenda hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Panga koili na ekonomaiza zisigombane

Ekonomaiza inafanya kinyume cha koili. Presha ikizidi seti yake inachukua gesi ya juu ya tenki na kuipeleka wodini kwanza, badala ya kuchukua kimiminika. Kwahiyo presha inashuka na hamjapoteza kitu, gesi ambayo ingepulizwa hewani inapumuliwa na mgonjwa.

Kanuni: seti ya ekonomaiza iwe juu ya seti ya koili kwa kama baa 1. Mfano kwa hospitali yenye mtandao wa baa 4: koili baa 8, ekonomaiza baa 9, na sefti valvu huko juu kwenye namba ya kibao. Hizi ni za mfano, zako zitoke kwa mwenye tenki. Kuna matenki yenye regyuleta moja inayofanya kazi zote mbili, hapo nafasi kati yao imeshapangwa kiwandani na una skrubu moja tu.

Ukikuta mtu kashusha ekonomaiza chini ya koili, utaona kituko hiki: koili nyeupe saa 24, na presha haipandi. Moja inapandisha, nyingine inateremsha hapo hapo.

Na ekonomaiza iliyokwama utaijua hivi: presha iko juu ya seti yake, wodi zinavuta, lakini ukiangalia bomba la gesi linalotoka juu kwenda ekonomaiza liko kavu, joto la kawaida. Gesi ile ni ya baridi kali, ikipita lazima bomba liote barafu. Kabla hujailaumu regyuleta angalia kama kuna mtu kafunga valvu ya kuitenga, hiyo inatokea sana baada ya matengenezo.

Ukiruhusiwa kurekebisha: legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu robo tu, subiri masaa mawili, soma, andika. Wengi wanazungusha robo, wanaona geji imetulia, wanazungusha tena na tena, alafu baada ya masaa matatu presha inakuja yote kwa mpigo. Tenki ni zito, halijibu haraka.

*Umefaulu ukiona:* usiku wa matumizi madogo presha inapanda mpaka karibu na seti ya ekonomaiza na kusimama, mchana wa matumizi makubwa inashuka mpaka seti ya koili na kusimama, sefti valvu kimya.

## Hatua ya 6: Kutoa gesi, ukilazimika

Kutoa gesi ni uamuzi, isiwe tabia ya kila asubuhi. Kabla ya kufungua, angalia upepo unaelekea wapi. Oksijeni baridi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa kwenye mitaro, mashimo na vyumba vya chini. Hakuna gari linalowaka, hakuna sigara, hakuna jenereta, hakuna mama ntilie na jiko lake pale ukutani, na mfuate umwambie, usimwonyeshe ishara ya mkono kutoka mbali. Ukisimama kwenye ule ukungu mweupe nguo zako zinanywa oksijeni, ukitoka kaa mbali na moto kwa angalau dakika 15 ukizipepea.

Chini ya tenki na pale gari linaposimama kujaza pawe zege. Lami ikilowa oksijeni ya kimiminika inaweza kulipuka kwa kugongwa tu.

1. Fungua valvu ya kutoa gesi taratibu, shusha baa 1, funga.
2. Kaa dakika 15 ukiangalia geji.
3. Kama imebaki chini, presha ilikuwa ya gesi ya juu. Kimiminika chako ni baridi, umepoteza kidogo sana. Endelea baa moja moja mpaka unapotaka, kisha ukatafute chanzo kwenye hatua ya 4 na ya 5.
4. Kama imerudi karibu pale pale, kimiminika chenyewe kina joto. Acha kupuliza.

Hiyo namba 4 ndo inawaliza watu. Kimiminika chenye joto ukikipunguzia presha kinachemka, na kinachemka mpaka kijipooze chenyewe kwa kupoteza sehemu yake. Kushusha tenki la namna hiyo kutoka baa 9 mpaka kama 4.5 kunakula karibu sehemu moja ya kumi ya kimiminika chote. Kwenye lita 4,000 hizo ni lita 400, mmenunua kwa hela mkazipulizia kunguru.

Badala yake: acha ekonomaiza ilishe wodi mpaka presha ishuke yenyewe, na kama ni siku mbili tatu kabla ya gari kuja subiri ujazaji wa juu, nimeueleza hatua ya 8. Puliza kimiminika chenye joto pale tu presha inapokaribia sefti valvu na hamna njia nyingine.

## Hatua ya 7: Presha inayoporomoka

Fuata mpangilio huu, usiruke kwenda kwenye regyuleta.

Kwanza valvu ya kimiminika ya koili. Iko wazi? Kuna aliyeifunga kwa ajili ya jaribio akasahau, inatokea.

Pili ujazo. Kinachosukuma kimiminika ndani ya koili ni uzito wa kimiminika kilicho juu yake. Tenki likikaribia kuisha msukumo unakufa, koili inashindwa hata kama ni nzima. Ukikaza regyuleta hapo haisaidii chochote, na gari likija kujaza koili inapata nguvu yake yote kwenye ile seti uliyoipandisha. Hiyo ndo asili ya mluzi wa asubuhi.

Tatu barafu ya koili. Nyembamba nyeupe ni kawaida. Ikiwa bonge moja limeziba mapezi yote, hewa haipiti na joto haliingii. Iyeyushe kwa maji ya kawaida ya bomba, ukikwepa kulowesha regyuleta na sefti valvu, maana maji yataganda juu yake na kuzikwamisha.

Nne sikiliza. Sefti valvu iliyokwama wazi, unganisho linalovuja, venti isiyofungwa vizuri.

Tano matumizi. Kama idadi ya wagonjwa imeongezeka mara mbili na kila kitu hapo juu ni kizima, koili imefika mwisho wa uwezo wake. Mnahitaji koili kubwa, hilo ni la kampuni.

Usichanganye na veperaiza kuu. Ikiganda yote presha ya tenki inaweza kuwa safi kabisa huku wodini inashuka na mabomba ya kuingilia jengoni yanatoka jasho au barafu. Pale kuna hatari ya gesi baridi kali, hata kimiminika, kufika kwenye regyuleta za mtandao na kuharibu mipira yake. Kama mna mbili zibadilisheni kwa zamu, nyingi zimepigiwa hesabu ya masaa 8 au 12, na Tanga, Dar au Mombasa wakati wa mvua unyevu ule unazigandisha mapema kuliko kitabu kinavosema. Iliyopumzishwa oshea maji. Nyundo hapana, moto ndo kabisa usithubutu.

*Umefaulu ukiona:* presha inashuka wodi zikivuta, inafika kwenye seti ya koili, inasimama hapo na koili inaota barafu yenyewe.

## Hatua ya 8: Siku ya gari la kujaza

Msiache dereva peke yake. Dereva ana njia mbili, kujazia juu na kujazia chini. Kimiminika baridi kikinyunyiza kutoka juu kinapoza ile gesi inageuka kimiminika tena, presha inashuka, wakati mwingine kwa kasi ya kutisha. Kikiingilia chini kinaiminya gesi juu, presha inapanda. Dereva mzoefu anachanganya zote mbili na sindano ya geji haitikisiki.

Kwahiyo kama tenki lenu lilikuwa na presha ya juu kwa sababu ya kimiminika chenye joto, mwombe aanze kwa juu, mnashusha bila kupuliza hata lita. Kama presha ilikuwa chini tayari na wodi zimejaa, mwombe aanze kwa chini.

Simama pale kwenye geji wewe mwenyewe, ukiwa na presha mbili kichwani: ya chini ambayo akiba ingeingia, na ya juu ambayo sefti valvu ingefunguka. Mwambie akikaribia yoyote abadilishe. Akifika mwisho valvu ya kujulia kujaa itaanza kutema kimiminika badala ya gesi, hapo anafunga papo hapo, asiongeze "kidogo tu". Tenki lisipobaki na nafasi ya gesi juu halina pa kutanukia, presha itapanda kwa fujo masaa machache baadaye.

## Hatua ya 9: Sefti valvu inapopuliza

Kupuliza sio ubovu, ni kazi yake. Iache ipulize, shughulikia sababu. Mtu akiziba, akikaza au akifunga plagi ili kelele iishe, anabakiza diski ya kupasuka peke yake, na ile ikipasuka haijifungi tena, linatoka tenki zima.

Ikiendelea kupuliza wakati presha imeshashuka chini ya seti yake, imegandia wazi. Matenki mengi yana sefti valvu mbili na mpini wa kubadilisha katikati. Geuza mpini upande wa nzima, yeyusha ile iliyoganda kwa maji ya uvuguvugu, ikauke kabisa ndo iwe akiba tena. Mpini usiuache katikati.

## Hatua ya 10: Tenki linatoka jasho

Ukifika hapa ina maana koili imepimwa, ekonomaiza inapitisha, matumizi yanatosha, na presha bado inapanda. Zunguka tenki alfajiri kabla jua halijalipiga. Baridi kidogo pale mabomba yanapoingilia ni kawaida. Lakini ukikuta mabaka makubwa ya umande au barafu kwenye ngozi ya nje wakati sehemu nyingine kavu, vakyumu imeharibika.

Thibitisha kwa daftari: wodi zikiwa kwenye mitungi, valvu ya koili imefungwa kama hatua ya 4, andika presha na ujazo kwa masaa 8. Linganisha na usiku kama huo wa miezi ya nyuma, ndo maana tulianza na daftari.

Usiguse kifuniko cha vakyumu wala kile kisahani cha usalama juu ya ngozi ya nje, ukikifungua hata sekunde hewa inaingia na tenki limekwisha. Hii sio kazi ya fundi wa hospitali. Unachofanya ni kubaki na wodi kwenye tenki ili gesi itumike, mitungi ya akiba ijazwe, na kupiga simu. Ukipiga wape presha ya kuanzia na ya kuishia, ujazo wa kuanzia na wa kuishia, masaa mangapi, mabaka yako upande gani na kwa urefu gani kutoka chini. Ukisema tu "presha inapanda" watakujibu fungua venti.